Makapi Yapite, Mtu Abaki

Tarehe 3 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Kama barua hii imekukuta umekaa, usiinuke. Kama umesimama, tafuta kiti, maana ni ndefu.

Huku hatujambo. Mama, yaani dada yako, magoti yanamsumbua lakini mdomo ni mzima kabisa. Mkweo, yaani mume wangu, bado anafundisha hesabu, na bado hawezi kugonga msumari bila kujigonga kidole. Binti yangu ameng'oka meno mawili ya mbele na anakuulizia kila wiki. Nimemwambia babu yuko mapumzikoni. Akaniuliza ni mapumziko gani hayo yanayozidi mwaka, nikamwambia ale chakula chake.

Sasa nieleze kilichonifanya niandike. Nimepewa cheo. Usicheke! Mimi Cheche wako, niliyechomelea komeo la geti la jirani mpaka geti likawa ukuta, leo ndiye msimamizi wa mafundi kwenye kiwanda cha kukausha nafaka. Wamenirithisha na kofia ngumu ya mzee aliyestaafu, ambaye kichwa chake kilikuwa boga. Nikitikisa kichwa inaniangukia machoni. Kwa hiyo siku hizi sikubali jambo lolote kwa kichwa, na watu wanasema nina msimamo.

Kazi yangu ya kwanza ni ujia wa juu, ule unaopita juu ya mashine za kukaushia. Sakafu yake imeoza. Inatakiwa mpya kabla mavuno hayajaanza kuingia, mwisho wa Julai. Muuzaji ameniletea vipande vinne vya mfano: wavu wa waya uliosukwa kama mkeka, wavu wa nondo nyembamba zilizochomelewa kila zinapokutana, bati lililotobolewa matundu ya duara, na lile bati linalochanwa kisha likavutwa mpaka likafunguka macho. Vyote viko mezani kwangu. Nimevitazama mpaka nimechanganyikiwa. Juzi mkweo alivaa shati la miraba, nikajikuta natafuta rula.

Nimemwambia meneja kwamba wa kuufunga ujia huo ni mtu mmoja tu, yule aliyenifundisha kushika koleo. Amekubali. Na ukiisha, kuna nafasi ya kudumu ya kuwafundisha mafundi wapya. Mama ameshalitoa godoro lako juani. Tangu ulipoanguka kutoka kwenye lile jukwaa la ujenzi ukaenda kwa rafiki yako "kupumzika kidogo", huu ni mwaka wa pili, na umeandika mara tatu kwamba mguu umepona. Kama umepona, njoo.

Simu yako haipatikani, kwa hiyo namkabidhi barua dereva wa lori la nafaka anayepita huko. Niambie mambo mawili tu: nichague kipi, na unakuja lini?

Mpwa wako,
Cheche


Tarehe 30 Machi

Cheche,

Marahaba, na hongera kwa kofia. Weka gazeti ndani yake itulie. Wakubwa wengi wamekaa hivyo hivyo, ila gazeti wao wameliweka ndani ya kichwa.

Mimi ni mzima wa afya. Simu ilitumbukia kwenye ndoo, ikafa maji. Mama mwenye nyumba wangu, jirani wa yule rafiki yangu, anakusalimu bila kukujua. Nina kazi nyingi mno huku. Kwa mfano jana nimeziba sufuria yake, na leo anasema inavuja palepale, ila sasa inavuja kwa ustadi. Unaona mwenyewe, sina nafasi hata ya kupumua.

Haya, tuje kwenye nyavu zako. Wavu wa kusuka ni wa kuchekechea, si wa kukanyagia. Waya zake zinapishana tu, hazijashikana, mtu mzito akisimama zinahama na kumwachia nafasi ya kupita yeye. Ule wa kuchomelea ni mwepesi na mzuri kwa kukinga mikanda ya mashine, lakini mashine zenu zinatetemeka mchana kutwa, na mtetemo ni adui wa kila kiungo kilichochomelewa, hata nilichochomelea mimi. Bati la matundu ya duara ni zuri kwa macho. Likipata vumbi, linateleza kama sabuni. La kuvutwa halina kiungo hata kimoja, ni bati lilelile moja, na kingo zake zinauma soli ya kiatu vizuri.

Lakini usichukue hata moja. Chukua bati zima lenye vipele. Halina tundu, halina maneno mengi. Mtu aweke mguu mahali anapopaona, basi.

Kuhusu kuja, nitatazama. Mwambie dada yangu aliingize godoro ndani, jua linaharibu sufi.

Mjomba wako


Tarehe 18 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nakuandikia nimelala kifudifudi, na utaelewa sababu.

Salamu kwanza, maana mama amesimama hapa anahakikisha. Anasema godoro halitaingia ndani mpaka mwenyewe aje kulibeba. Mkweo ana mafua. Binti ameota jino moja, limeelekea pembeni, anajivunia.

Nilikusikiliza. Nikamwomba meneja tujaribu kwanza kipande kimoja cha ujia, nikaagiza bati zima lenye vipele, nikalifunga kwa mikono yangu na kulipaka rangi ya kijivu. Lilipendeza! Siku ya tatu likawa limejaa makapi na vumbi la mahindi, kwa kuwa halina pa kuyapitisha. Siku ya nne ukapanda mvuke kutoka kwenye mashine, vumbi likalowa, ukawa uji. Siku ya tano meneja akaja na wageni kuona kazi ya msimamizi mpya. Nikatangulia kama bibi harusi, nikafungua mdomo kusema "karibuni," nikala mwereka wa kishujaa. Niliteleza kwa makalio mpaka kwenye ngazi. Kofia ya boga ilinifunika uso wote, kwa hiyo angalau sikuwaona wageni. Mmoja aliuliza kama hiyo ndiyo njia ya kushukia.

Mimi mifupa iko salama, aibu ndiyo imevunjika. Lakini Mjomba, nimelala hapa nikakumbuka kitu. Nikiwa mdogo nimekaa kwenye kopo la rangi kwenye karakana yako, ulikuwa ukisema sakafu ya kiwanda cha nafaka lazima ipumue. Ulikuwa na msemo wako: makapi yapite, mtu abaki. Uliusema mpaka nikawa nauimba. Iweje leo unishauri bati zima? Mtu aliyenifundisha hilo na mtu aliyeandika ile barua si mmoja.

Dereva anasema alipokuletea barua hukutoka nje kumpokea kama zamani. Ulimwita aingie, na hukuinuka kitini. Mimi sisemi kitu, nataja tu alichosema dereva.

Bati lile nimelitoa. Nimerudi kwenye vipande vyangu vinne, na mavuno hayanisubiri.

Cheche


Tarehe 20 Mei

Cheche mwanangu,

Marahaba. Pole kwa makalio. Nilicheka mpaka mama mwenye nyumba akaja na maji, kisha nikaacha kucheka.

Barua yako ilikaa huku siku nyingi bila jibu. Nilikuwa na shughuli. Mwambie dereva wako kwamba mtu mwenye adabu humkaribisha mgeni ndani, hamwachi uani kama kuku, na kwamba kiti changu ni kizuri, ndiyo maana nilikikalia. Dereva aendeshe lori.

Msemo wangu naukumbuka. Sijazeeka kiasi hicho. Lakini mtu ana haki ya kubadili mawazo, hata kinyonga hakuulizwa. Bati zima lina faida moja hamuijui ninyi mnaopanda ngazi kama mbuzi: halimwonyeshi mtu kilichoko chini yake. Wavu wowote utakaoukanyaga, uwe wa namna gani, unaona mashine chini ya nyayo zako, unaona sakafu kule mbali, unaona na kofia za watu zikipita. Sasa mtu akiwa katikati, na hana pa kuangalia ila hapo? Umewahi kulifikiria hilo? Si kila mtu amezaliwa ndege.

Nasema kwa ujumla tu. Kuna watu wa namna hiyo.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema lolote kuhusu mkuu anayelivunja mwenyewe kwa kurudi nyuma hatua moja ili aone jinsi anavyojua kuchomelea. Kiungo kilikuwa kizuri sana, Cheche. Nilikitazama njia nzima mpaka chini.

Fanya unavyoona. Na ukichagua wavu, angalia ukubwa wa tundu. Si makapi tu yanayopita kwenye tundu.

Mjomba


Tarehe 2 Juni

Mjomba,

Shikamoo, na nakushukuru kwa barua. Niliisoma jikoni, nikamsomea mama nusu yake tu. Nusu ile ya kurudi nyuma hatua moja niliibakiza, maana machozi yalinitoka na nikasingizia vitunguu ambavyo sikuwa navyo.

Sote wazima. Mkweo amepona mafua, akajigonga kidole.

Nimefanya kazi ya kweli safari hii, nimeacha kutazama vipande mezani. Kila kipande nimekifunga juu kwenye ujia kikakanyagwa wiki nzima. Wa kusuka ulibonyea chini ya fundi wa umeme, ambaye ni mtu mpole, na siku hiyo alisema maneno ambayo sikujua anayajua. Ule wa kuchomelea uliachia viungo viwili kwa mtetemo, kama ulivyosema. Bati la duara meneja analipenda kwa sababu linafanana na la kiwanda alichokiona kwenye kalenda. Nilimwomba atembee juu yake baada ya chakula cha mchana, akarudi ameshika ukuta na hataji kalenda tena. Limebaki la kuvutwa. Nililifunga kwanza macho yakielekea vibaya, ule upande mrefu wa jicho ukiwa sambamba na boriti badala ya kuvuka kutoka boriti hadi boriti, likabonyea katikati kama machela. Nilijitukana kwa sauti yako. Nikaligeuza, likatulia.

Sasa kuna la macho makubwa na la macho madogo. La makubwa linapitisha kila kitu na ni jepesi kubeba, ndilo kila mtu analolitaka. La madogo ni zito kidogo, na itabidi lifagiliwe mara kwa mara. Naagiza mwisho wa mwezi, na nikishaagiza sibadilishi, muda hautoshi.

Kwa hiyo nauliza kama msimamizi wa mafundi, si kama mpwa. Ninahitaji kujua nani atapita juu yake. Wote niliowapima hapa wana miguu miwili na viatu. Kama kuna mtu wangu ambaye akitembea anagusa chini kwa kitu cha tatu, niambie. Sitamwuliza kwa nini. Nahitaji ukubwa wa hicho kitu tu.

Na kuhusu kuona chini, ni kweli unaona. Mimi mwenyewe siku ya kwanza nilipita nikitazama ukuta. Nimeongeza reli ya kushikia pande zote mbili, inafika kiunoni kwako. Najua kiuno chako kilipo, nilikuwa nakishikilia kwenye baiskeli.

Nimekukumbuka sana, Mjomba. Karakana ya hapa ina mashine zote, haina mtu wa kunitukana.

Cheche


Tarehe 11 Juni

Cheche,

Marahaba.

Ndani ya bahasha utakuta kipande cha mpira mweusi, kina umbo la kikombe kidogo. Kiweke juu ya kila tundu, kwa kulala na kwa kusimama, kisha ukikandamize kwa nguvu zako zote kama mtu aliyechoka. Kikizama, wavu huo haufai.

Usiniulize ni cha nini.

Mjomba


Tarehe 9 Julai

Cheche,

Uko wapi? Nasikia lori limevunjika ekseli njiani na barua zimelala huko. Kumbe dereva aliondoka na mpira wangu akaenda nao kulala porini.

Nikueleze ujinga wa mjomba wako, ili siku ukipata cheo kikubwa zaidi ujue umetoka kwenye ukoo gani. Kile kipande cha mpira ni kiatu cha mkongojo wangu. Haya, nimesema. Nilikivua, nikakitia kwenye bahasha, nikajiona mtu wa maana sana, nimefanya jambo la kitaalamu. Dereva alipoondoka ndipo nikainuka niende nje. Mkongojo bila kiatu, juu ya sakafu ya saruji iliyopigwa deki! Uliondoka peke yake ukaelekea mlangoni, mimi nikabaki na mkono wa kiti. Nimetuma mguu wangu kwa lori, Cheche. Mafundi wote duniani hupima kitu kisha wakatuma kipimo. Mjomba wako ametuma kitu chenyewe.

Mama mwenye nyumba amenifungia kitambaa kwenye ncha. Natembea nadeki. Anasema ndiyo kodi yangu ya mwezi huu.

Nimekaa hapa karibu mwezi mzima sina pa kwenda, na mtu asiye na pa kwenda hufikiri. Mguu haukupona vizuri. Niliandika umepona kwa sababu nilidhani nikiuandika mara nyingi utaona aibu upone. Nilikuona wewe uliyekaa kwenye kopo la rangi unanitazama kama mimi ndiye niliyebuni moto, nikasema huyu asinione nikipandishwa ngazi nimekalia kiti, nikisukumwa. Hiyo si sababu kubwa. Sababu kubwa ni kwamba naogopa. Nikifumba macho naona chini. Nilikushauri bati zima ili niweze kuja, ukaanguka wewe. Hilo linaniuma kuliko mguu.

Usipange kwa ajili yangu. Kama bado hujaagiza, agiza lile la macho makubwa wanalolitaka wote, mimi nitakuja kwenye arusi ya binti yako akishaota meno.

Ila ule mpira urudishe. Nina hamu ya kwenda chooni kama binadamu.

Mjomba wako mjinga


Tarehe 14 Julai

Mjomba,

Shikamoo.

Lori limetengenezwa. Barua zako mbili, ya lori na ya basi, zimefika siku moja; nimesoma ya mwisho kwanza, nikafungua ya kwanza huku mpira ukinidondokea mapajani.

Mama amesomewa yote safari hii, pamoja na ile nusu. Hakulia. Alisema alijua tangu mwanzo, kwamba mdogo wake hawezi kukaa mahali mwaka mzima bila kugombana na mtu isipokuwa awe mgonjwa. Kisha akaenda kuligeuza godoro.

Niliagiza mwisho wa mwezi uliopita, bila jibu lako, ilinibidi. Niliagiza la macho madogo. Watu walinung'unika kuhusu kufagia, nikawaambia wafagie. Kofia iliniangukia machoni wakati nasema, wakadhani nimekasirika, wakarudi kazini.

Limeshafika na tumelifunga, na leo nimepanda juu na mpira wako. Nimeuweka kwenye kila kipande cha ujia, kwa kulala na kwa kusimama. Nimeukandamiza kama mtu aliyechoka, na kweli nimechoka. Fundi wa umeme aliniuliza natafuta nini, nikamwambia namtembeza mjomba wangu. Hakucheka, akashika upande wa pili akasaidia. Mpira haukuzama popote. Makapi yanapita, yanaanguka chini kama kawaida, na wewe umebaki juu, Mjomba, kuanzia ngazi mpaka mwisho.

Kipande cha mwisho sijakifunga. Bolti ziko kwenye kopo la rangi, na nimekataza mtu kuzigusa. Hakuna kupandishwa kwa kiti. Ngazi ina reli, utapanda polepole, mimi nitakuwa hatua moja nyuma yako ili nisije nikakuona uso ukiogopa, na wewe usije ukaniona mimi. Ukiogopa, tukana. Mafundi wapya watadhani ni somo.

Mpira umo ndani ya bahasha. Nimeupangusa vumbi. Dereva ana amri yangu asiondoke huko mpaka auvishe mkongojo mwenyewe, kisha akusaidie kupanda. Kiti cha mbele ni chako.

Cheche